Gari Kuukuu la Familia: Tutengeneze Nini, Tuache Nini?



Ndugu wasomaji, shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, wazazi kadhaa wameniomba niandike juu ya jambo ambalo si kawaida yangu. Nimezoea kuandika hapa kuhusu hifdhi, adabu za watoto na masomo ya likizo. Safari hii ni kuhusu gari. Sababu ni kwamba hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, vijana wengi wananunua jipu za zamani zilizotoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha wanazinyanyua, wanazivalisha matairi makubwa na vyuma mbele na juu, halafu gari hilo hilo linabeba mke, watoto na wazazi. Mtaa wetu una mafundi kila avenyu, wala hakuna kisichoweza kufanyika kwa nyundo, moto wa kuchomea na fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Kufanyika kunawezekana. Suala ni kipi kifanyike na kwa faida ya nani.

Mimi ni mwalimu wa madrasa, si fundi. Nina umri wa miaka arobaini na sita na gari langu ni Toyota Land Cruiser Prado la mwaka 1998, lile ambalo mafundi hulijua kwa namba 95, lenye injini ya mazutu ya lita tatu aina ya 1KZ-TE na giaboksi ya otomatiki. Kwa muda wa miezi kumi na minne nimelitengeneza kidogo kidogo kwa ajili ya kazi mbili: kuzunguka mjini siku za wiki, na kupanda njia za udongo wikiendi. Nitawaeleza tulichofanya na tulichokataa, huenda yakamfaa mzazi mwenzangu.

GARI LINAFANYA KAZI GANI?

Kabla ya kununua hata bolti moja, mama watoto alinikalisha na daftari. Akaniambia, "Baba watoto, andika kwanza gari hili linakwenda wapi." Tukaandika. Siku tano za wiki: shule, soko la Ruvumera, msikitini, madrasa, wagonjwa wa kutembelea. Jumamosi: barabara ya ziwani hadi Rumonge, takriban kilomita 70, kisha kuacha lami na kupanda vilima hadi kwa mama yangu mzazi, ambako pia kuna madrasa ndogo ninayoisomesha. Mara moja kwa mwezi: kupanda Bugarama kuelekea Gitega kwa kikao cha walimu. Na msimu wa mvua, mara chache, kwenda upande wa Gatumba kuwaona jamaa.

Daftari lile lilitusaidia kuliko ushauri wote wa vijana. Lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya maisha ya gari hili ni lami na watoto, na sehemu ndogo ni tope na mawe. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya tope peke yake lingekuwa adha siku tano ili lisifiwe siku moja.

Fundi wangu, mzee ambaye ameshika spana tangu mimi ni mwanafunzi, alilizunguka gari, akalala chini ya uvungu wake, akatoka na kusema, "Mwalimu, gari hili halina upungufu wa vitu. Lina uchovu. Mgonjwa hatumvishi koti la arusi, tunamtibu kwanza." Basi tukaanza kwa kutibu.

MAJI NA JOTO

Anayeijua Bujumbura anajua kwamba mji uko kando ya Ziwa Tanganyika, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kwamba barabara ya taifa namba 1 inapanda moja kwa moja hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Ni mpando mrefu wa kona baada ya kona, nyuma ya malori yanayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hapo ndipo injini za zamani zinapofia.

Injini hii ya 1KZ-TE ni nzuri na ya kudumu, lakini ina udhaifu unaojulikana na kila fundi. Bloku yake ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu, na joto likizidi, hedi hupasuka. Mshale wa joto wa gari lenyewe hauonyi mapema. Hukaa katikati ingawa joto linapanda, na ukija kuuona umeinuka, mara nyingi madhara yamekwishatokea.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ilikwenda kwenye rejeta mpya, themostati, mipira yote ya maji, kifuniko cha rejeta na feni. Tukasafisha kutu iliyobaki kutoka miaka ya kutiwa maji ya bomba, tukajaza maji ya rejeta yenye dawa, nusu kwa nusu. Kisha fundi akafunga kipimo kidogo cha joto cha elektroniki, sensa yake ikiwa imeshikwa kwenye hedi, chenye king'ora. Kikilia, nasimama. Hakuna kifaa kingine katika gari hili kilichogharimu kidogo hivyo na kulinda kitu cha thamani hivyo.

Kwa wenye otomatiki kama mimi, jambo jingine. Mafuta ya giaboksi yanapozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo ya injini. Gari likipanda kilima taratibu kwa gia ndogo, giaboksi inachemka na kuiongezea injini joto. Tumeweka rejeta ndogo ya pembeni kwa ajili ya mafuta ya giaboksi peke yake. Hiyo ni nyongeza ya kweli ya njia mbaya, ijapokuwa hakuna mpita njia atakayeiona na kuisifu.

BREKI KABLA YA NGUVU

Aliyepanda Bugarama lazima ateremke. Katika mteremko ule mnajua kuna waendesha baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, wanashuka kwa kasi ya gari, na wale wanaopanda wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Hao ni watu wenye familia wanaotafuta riziki ya halali. Breki yangu ikishindwa, wao ndio watakaolipa kabla yangu.

Tulibadilisha diski na pedi za mbele, tukafungua na kusafisha breki za nyuma, tukaweka mipira mipya ya breki, na tukamwaga mafuta yote ya zamani ya breki. Wengi hawajui kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Yakishakuwa na maji ndani yake, kwenye mteremko mrefu yanachemka, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Nimeweka tarehe kwenye daftari: kila miaka miwili yanabadilishwa, yawe yanaonekana safi au la.

Na kuna kifaa cha breki ambacho hakiuzwi, nacho ni gia ndogo. Kabla ya mteremko kuanza naweka gia kwenye 2, injini inashika gari, na breki zinabaki baridi kwa ajili ya dharura.

Tukiwa hapo hapo tulihesabu mikanda ya kiti. Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa na mikanda miwili iliyokatika. Tukaweka mipya. Kanuni ya nyumba yetu ikawa kwamba idadi ya mikanda ndiyo idadi ya watoto. Kuna wazazi walionung'unika kwamba gari la mwalimu linaweza kubeba watoto kumi na wawili kwenda mashindano ya Qur'ani. Linaweza, kama wanavyoweza mbuzi kupakiwa. Tukifanya safari mbili, tutachelewa kidogo na tutafika sote.

MATAIRI

Hapa vijana hupenda tairi la tope lenye meno makubwa. Kwenye tope lina faida. Lakini kwenye lami iliyolowa linashika vibaya zaidi, linapiga kelele na linakula mazutu. Kwa gari la kazi mbili nimechukua tairi la kati, lile wanaloliita la njia zote, kwa ukubwa ule ule wa asili, 265/70R16.

Shemeji yangu alinishauri nipande hadi 265/75R16. Tukakaa na wanafunzi wa hesabu tukakokotoa. Kipenyo cha tairi la asili ni kama milimita 777, na la pili ni kama 804. Tofauti ni milimita 27, lakini ekseli inapanda nusu yake tu, yaani kidogo zaidi ya sentimita moja. Kwa sentimita hiyo moja, spidomita inapungua: ilipokuwa ikisoma 100 kwa haki, sasa unakwenda 103 na zaidi. Injini inapata mzigo zaidi, na breki pia. Kwa baadhi ya watu sentimita hiyo ni muhimu. Kwa njia ya kwa mama yangu, haikuwa.

Jambo kubwa kuliko ukubwa ni umri wa tairi. Sokoni kuna matairi ya mtumba yanayong'aa kwa sababu yamepakwa rangi. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Kama ni 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi na mitano, hata likiwa na meno yote, mpira wake umekauka na linaweza kupasuka safarini. Mfundishe mwanao kusoma tarakimu hizo, naye atakusaidia sokoni kuliko fundi.

Njia ya tope niliijua vizuri zaidi baada ya kununua pampu ndogo ya upepo kuliko baada ya kununua tairi. Nikiacha lami, napunguza upepo hadi karibu paundi 20, tairi linatanuka na kushika udongo mwekundu unaoteleza. Naendesha polepole, na nikirudi kwenye lami najaza tena kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Vilevile Prado hili husukuma magurudumu yote manne muda wote, na lina difu ya kati inayofungwa kwa wenzo. Naifunga kwenye utelezi, naifungua kwenye lami kavu, kwani ikifungwa kwenye lami kona zinaumiza mitambo.

SUALA LA KUNYANYUA GARI

Hili ndilo lililoleta mjadala mkubwa nyumbani. Shemeji yangu ni mkarimu, na alijitolea kulipa yeye mwenyewe gari linyanyuliwe sentimita kumi, kwa vipande vya chuma vya kukereza vinavyowekwa juu ya springi. Ilikuwa zawadi, na kukataa zawadi ya shemeji si jambo jepesi. Nilimwomba tumsikilize fundi pamoja.

Fundi alieleza hivi. Mbele ya gari hili kila gurudumu lina mikono yake na ekseli zenye viungo. Ukipandisha mwili zaidi ya sentimita tano hivi, viungo vile vinafanya kazi vikiwa vimepinda kupita kiasi, mipira inayovifunika inachanika, mchanga unaingia na viungo vinakufa. Nyuma kuna ekseli moja nzito yenye difu katikati. Ukiweka springi ndefu, mwili unapanda lakini difu inabaki pale pale ilipokuwa, na difu ndiyo inayogonga jiwe. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Na kadiri mwili unavyopanda, uzito unapanda nao, na gari linakuwa jepesi kupinduka kwenye kona.

Hilo la mwisho halikuhitaji maelezo. Sote wawili tulikuwa tumemtembelea mzazi mmoja wa madrasa aliyekuwa amelazwa baada ya jipu iliyonyanyuliwa kumpindukia kwenye kona ya barabara ya ziwani, akimkwepa mbuzi. Alipona, lakini mpaka leo anatembea kwa mkongojo, na ile kazi yake ya kupakia mizigo imekwisha.

Kisha mama watoto, ambaye alikuwa kimya akimimina chai, akasema, "Na mama mkwe atapandaje?" Pakawa kimya. Mama yangu ana magoti mabovu. Kwa urefu ule wa kawaida tu anashikwa mkono. Na wanawake wetu wanapanda wakiwa na mabuibui, mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Gari lililopanda sentimita kumi linawaambia wao kwanza kwamba halikutengenezwa kwa ajili yao.

Tukafanya jambo dogo. Tukatoa springi na shokapu zilizochoka, tukaweka mpya za urefu wa asili, za nyuma zikiwa ngumu kidogo kwa ajili ya mzigo. Fundi alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kabla na baada. Nyuma gari lilipanda sentimita nne. Halikunyanyuliwa, lilirudi tu mahali lilipotoka kiwandani kabla ya miaka ya mizigo kulikalisha. Shemeji akaelewa, na zawadi yake ikawa ngazi za pembeni na vishikio vya mlangoni. Mama yangu humwombea dua kila anapokanyaga ngazi ile.

TAA NA HAKI YA NJIA

Ndugu zangu, katika darasa la adabu tunawafundisha watoto haki za njia, na ya kuondoa udhia njiani wanaijua hata wadogo. Nataka niseme kuhusu udhia mmoja ambao magari yetu mengi yanautoa kila usiku.

Japani wanaendesha kushoto. Taa kubwa za magari yao, zikiwa kwenye mwanga wa chini, zimetengenezwa zinyanyue mwanga kidogo upande wa kushoto, ili zimulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Sisi Burundi tunaendesha kulia. Kwa hiyo taa ile ile inanyanyua mwanga kwenye macho ya anayekuja mbele yako, na ukingo wa kulia, wanakotembea watu na baiskeli zisizo na taa, unabaki na giza. Dereva wa mbele hafanyi ujeuri anapokupigia taa, haoni. Na ukilinyanyua gari au ukiongeza taa za nguvu juu ya paa, udhia unazidi.

Dawa ipo. Prado hili liliuzwa pia Ulaya na nchi za Ghuba ambako wanaendesha kulia, na taa zake za huko zinapatikana kwa mtumba. Nilisubiri miezi mitatu mpaka zikapatikana. Fundi akazipima mbele ya ukuta, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Safari ya kwanza ya jioni kutoka Rumonge niliona miguu ya watu pembezoni mwa barabara ambayo kabla sikuwa naiona kwa umbali ule.

Na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja. Hapo hakuna kifaa cha kununua, kuna subira. Nakaa mbali na lori, na silipiti isipokuwa pale njia imenyooka na anayekaa kushoto, mara nyingi mama watoto, amesema njia ni nyeupe. Akinyamaza, nabaki nyuma.

Kwa sababu hiyo hiyo ya haki ya njia tulikataa ngao nzito ya chuma mbele. Wanaosema inalinda gari wamesema kweli, lakini inalilinda kwa kumuumiza zaidi mtembea kwa miguu. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2005 la kudhibiti ngao hizo kwa sababu hiyo. Porini kwenye wanyama wakubwa pengine ina nafasi yake. Katika barabara iliyojaa wanafunzi na baiskeli sikuiona nafasi yake.

MAJI YA MAFURIKO

Tuliona mafuriko ya Rusizi kule Gatumba mwaka 2020, na tukaona maji ya ziwa yalivyopanda tena mwaka 2024. Baada ya hapo bomba la kupandisha hewa hadi usawa wa paa limekuwa fasheni. Lina maana yake. Injini ikivuta maji badala ya hewa, maji hayabanwi kama hewa, na vyuma vya ndani vinapinda papo hapo. Lakini bomba halifanyi gari kuwa boti. Difu na giaboksi zina matundu ya kupumulia, na zikiwa moto zikaingia kwenye maji baridi, zinavuta maji ndani. Sisi tulirefusha mipira ya kupumulia ya difu hadi juu ndani ya injini, kazi ya saa mbili, na bomba la paa tukaliacha.

Kanuni yangu ya maji ni fupi. Mtu mzima ashuke na fimbo apime kwanza. Yakipita magoti, tunarudi. Na maji yanayokwenda kwa kasi hatuyaingii hata yakiwa machache, maana yanaweza kuisukuma gari pembeni pamoja na waliomo. Harusi inaweza kungoja, na hata maziko, jamaa wataelewa.

MZIGO NA MAZUTU

Tangu mwaka 2022 tumejua foleni za vituo vya mafuta, watu wakilala ndani ya magari. Kila kilo unayoiongeza kwenye gari inakunywa: keria nzito, tairi la akiba la pili, winchi, vyuma. Sisi tulichukua kamba nzuri ya kuvutia, koleo, jeki imara na ubao mnene wa kuwekea jeki kwenye tope. Hivyo vinne vimetutoa kila mahali mpaka leo, alhamdulillah.

Lakini nawasihi kwa jambo moja: msibebe bidoni za mafuta ndani ya gari pamoja na watoto. Bidoni ya lita 20 ya mazutu ina kilo 17 hivi, na gari likigonga inaruka kama jiwe. Ikiwa ni esansi, mvuke wake peke yake unatosha kuwasha moto. Na mazutu ya njiani mara nyingi yana maji na uchafu, kwa hiyo tumeongeza chujio la pili lenye kikombe cha kunasa maji, ambalo kijana wangu mkubwa hulimwaga kila Ijumaa asubuhi.

HESABU YA MWISHO

Mwishoni tulifungua daftari tukajumlisha. Kisha mama watoto akafungua ukurasa wa pili, ambao sikujua kuwa anauandika. Ulikuwa ni orodha ya vitu tulivyokataa, na bei zake kama mafundi walivyozitaja: ngao, winchi, matairi makubwa, bomba la paa, taa za juu, keria. Jumla yake ilizidi kidogo ada ya mwaka mzima ya binti yetu anayesomea uuguzi. Mwaka ule ada ilikuwa ngumu kuliko miaka yote, na alikuwa amekwisha kuniambia kwa siri kwamba yuko tayari kuahirisha masomo. Hakuahirisha. Yuko mwaka wa mwisho, inshaallah.

Wazazi wenzangu, sisemi kwamba kupenda gari ni vibaya. Nami nalipenda, na Jumamosi alfajiri linapoacha lami na kuanza kupanda polepole na bila kelele, roho yangu hufurahi kama ya kijana. Ninachoomba ni utaratibu. Andika kwanza gari linakwenda wapi. Tibu joto, breki, mikanda, usukani na springi kabla ya kuongeza lolote. Kisha kwa kila nyongeza uliza maswali matatu: itamsaidia nani aliye ndani, itamdhuru nani aliye nje, na fedha yake imetoka kwenye fungu la nani? Nyongeza ikijibu vizuri yote matatu, mwite fundi.

Wenye maswali wanione baada ya sala ya alasiri, au wamwone fundi mwenyewe, ambaye anasema yeye hapendi kuandika lakini kuzungumza hachoki.

Namwomba Mwenyezi Mungu atulinde sisi na watoto wetu katika safari zetu, na awalinde wanaotumia njia pamoja nasi.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.